Kabla hujalipia jina la watu

Mtu anaingia Ngamiani, hapa Tanga, na begi la vipeperushi: lipa milioni kadhaa, nikupe jina, mapishi, rangi za ukuta na mafunzo, ufungue tawi la mgahawa wangu wa kuku. Hiyo ndiyo franchaizi. Si utapeli, wapo wanaoendesha maisha nayo, ila ukikurupuka unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Mwombe majina ya wenye matawi yote, pamoja na waliofunga. Hao waliofunga ndio wa kuanza nao. Akikupa wawili aliowachagua mwenyewe na kusema waliobaki ni siri ya kampuni, shtuka. Panda basi uende kwenye tawi lililo mji mwingine, kaa kutwa kama mteja, hesabu sahani zinazotoka jikoni. Nauli hiyo haipotei.

Jina lenyewe ni lake? Alama ya biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania Bara, miaka 7 ya mwanzo, kisha huhuishwa kila miaka 10. Zanzibar wana msajili wao, kwa hiyo cheti cha Unguja hakikulindi Tanga. Sisi tunaoiona Pemba kama jirani wa ukuta, hilo hutupita kirahisi.

Kwenye mrabaha, yaani fungu unalomlipa kila mwezi kwa kutumia jina lake, usione haya kutoa kikokotoo mbele yake. Tuseme anataka asilimia 6 ya mauzo. Mauzo, si faida! Ukiuza laki 3 kwa siku, siku 26 za mwezi, ni milioni 7.8, chake ni 468,000, hata kama ukishalipa fremu, Luku na vijana umebaki na deni. Tena viungo na vifungashio ununue kwake tu, bei apange yeye. Na akiwa anachangamkia ada ya kuingia kuliko kuku wanaouzwa, basi biashara yake ni wewe.

Atakwambia: "Tanga imebaki nafasi moja, lipa leo." Marekani sheria inamtaka muuzaji akukabidhi waraka wa taarifa zake angalau siku 14 kabla hujasaini wala kulipa. Kwetu hakuna sheria mahususi ya franchaizi, basi siku hizo 14 zidai mwenyewe, umpe wakili mkataba. Asome: tawi la pili likifunguliwa Chumbageni unalindwaje? Mkivunja mkataba, utaruhusiwa kuuza kuku kwa jina lako? Na mkataba wa fremu uuweke pembeni ya ule. Wengine wamejifunga miaka 5 kwa jina, huku mwenye nyumba amewapa mwaka mmoja.