Kupima KH na kutia dozi kwa mashine kwenye tanki la matumbawe: nilivyofunga langu hapa Dar

Wakuu, kama una tanki la maji chumvi nyumbani lenye matumbawe magumu na umechoka kutoka kazini, unakaa kwenye foleni ya Mwenge saa nzima, unafika nyumbani unaanza kuhesabu matone kwenye vichupa, basi soma hii. Tanki langu lina lita 200 za maji halisi, yaani ukishatoa mawe na mchanga (usihesabu ukubwa wa kioo, utakosea dozi zote), na lipo sebuleni. Nitaeleza mpaka palipoharibika maana hapo ndo pana faida zaidi.

Kwanza tuelewane tumbawe linakula nini. Zile nyumba za kale za pwani, Kilwa mpaka Bagamoyo, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutoka kwenye matumbawe hayo hayo, kwa sababu mfupa wa tumbawe ni kalsiamu kaboneti. Sasa tumbawe likikua kwenye tanki lako linajenga huo mfupa kwa kuvuta vitu viwili kwenye maji, kalsiamu na kaboneti, na hiyo kaboneti ndo tunaipima kwa jina la KH. Baharini haviishi, kwenye lita 200 vinaisha. Maji ya bahari yana KH kama 7 (digrii), kalsiamu kama 410 na magnesiamu kama 1300 (hizo ni miligramu kwa lita), na chumvi 35 (gramu kwa kilo ya maji). Mi nashikilia KH 8, kalsiamu 420, magnesiamu 1300, lakini hata ukishikilia KH 9 sawa tu, tumbawe linachochukia ni kuyumba, leo 7 kesho 10.

Na katika zote hizo KH ndo inayokimbia. KH ikishuka 1 kalsiamu inashuka kama 7 tu, toa 7 kwenye 420 uone kama kipimo cha matone kitakuonyesha tofauti. Kwa hiyo mashine yote tunaijenga kwa ajili ya KH, kalsiamu inaifuata nyuma kwa uwiano, unaipima kwa mkono mara moja kwa wiki na magnesiamu mara moja kwa mwezi inatosha. Ila magnesiamu ikiwa chini sana, tuseme chini ya 1200, rekebisha hiyo kwanza, maana bila hiyo KH na kalsiamu hazikai sawa.

Kabla hujanunua hata waya mmoja, pima ulaji. Siku nne, saa ile ile (mi napima saa mbili usiku), bila kutia dozi yoyote wala kubadilisha maji. Andika. Tuseme siku ya kwanza 8.6, ya pili 8.1, ya tatu 7.6, ya nne 7.1, basi tanki lako linakula 0.5 kwa siku. Watu wengi wanaruka hapa wanaenda moja kwa moja kununua pampu halafu wanabahatisha dozi, na ukiwauliza tanki linakula kiasi gani hawajui. Hii namba ndo moyo wa kazi yote.

Sasa dawa zenyewe. Kwa KH tunatumia sodiamu baikaboneti, yaani baking soda ya dukani, soma pakiti iwe hiyo tupu. Sio baking powder, ile ina tindikali na wanga ndani. Na sio magadi yale ya kuchemshia maharage, yale yanachimbwa na yana uchafu mwingine ambao huujui. Kanuni ni hii: gramu 3 za baking soda zinapandisha KH kwa 1 kwenye lita 100. Kwangu lita 200 ni gramu 6. Nachanganya gramu 80 kwenye lita moja ya maji ya RO (yaliyochujwa mpaka yakabaki karibu maji matupu), usizidishe sana hapo maana inafika mahali haiyeyuki tena. Kwa hiyo KH 1 kwangu ni mil (mililita) 75, na ulaji wa 0.5 ni mil 37 na nusu kwa siku.

Kwa kalsiamu ni kalsiamu kloraidi, ulizia maduka ya kemikali za maabara, na uangalie kwenye chupa kama ni ile yenye molekuli mbili za maji, uzito wake wa molekuli umeandikwa 147. Gramu 70 kwenye lita moja. Nimepiga hesabu hiyo ili chupa zote mbili ziende mil sawa kwa sawa, ukitia mil 37 za soda unatia mil 37 za kalsiamu, basi, huumizi kichwa. Ukiyeyusha hiyo kalsiamu inatoa joto kwa hiyo tia kidogo kidogo, na ukishafungua kopo lifunge haraka, unyevu wa Dar huu itavuta maji hewani mpaka igeuke uji na ukiipima kwenye mzani utakuwa unapima maji. Mzani wenyewe utafute ule mdogo wa dijitali kama wanaotumia masonara. Maji ya RO ukikosa usikimbilie kununua maji ya betri pale sheli, kuna chupa ni maji safi na kuna chupa ni asidi na zinafanana.

Pampu. Unataka pampu za kukamua mpira, zile ambazo vigurudumu vinabana mpira na kusukuma maji mbele, za volti 12. Mbili zinatosha kuanzia. Mi vitu vingi vya umeme nilivipata Kariakoo, pampu zenyewe niliagiza, na ubongo ni ESP32, kibodi kidogo cha kompyuta unachokiandikia programu kiwashe na kuzima pampu. Kama hujui kuandika programu kuna reef-pi, ni programu ya bure inayokaa kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja), ina sehemu ya dozi tayari. Kama una hela nunua pampu iliyokamilika ya kiwandani, hakuna aibu, maelezo mengine yote yanabaki vile vile.

Kupima pampu: jaza mpira kwanza hewa itoke yote, washa sekunde 60, kinga kwenye bomba la sindano la duka la dawa, soma mil ngapi. Rudia mara tatu. Ikitoa 40, 40, 41 uko vizuri, ikitoa 40, 34, 43 kuna hewa inaingia mahali. Mpira unachoka kwa hiyo rudia kila mwezi.

Dozi igawanye. Mi nagawa mara sita kwa siku, kila moja mil 6 na kitu, soda inaingia saa kumi na mbili, saa nne, saa nane, mchana na usiku, kalsiamu inafuata masaa mawili baadaye. Usizitie pamoja kamwe wala sehemu moja, zikikutana zikiwa kali zinagandana hapo hapo unaona theluji nyeupe inashuka na hiyo ni dawa yako imepotea. Tia pale maji yanapokwenda kasi.

Sasa sikilizeni hapa kwa makini. Mwanzoni nilikuwa nimeunganisha pampu kwa rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na dumu la soda la lita tatu, nikasema nijaze mara moja nisahau mwezi mzima. Usiku mmoja umeme ukakatika ukarudi, ukakatika ukarudi, rilei ikagandia ikiwa imewaka. Nilipoamka maji ni meupe kama maji ya mchele, karibu mil 900 zimeingia, nikapima KH ni 17 na nyingine ilishaganda kwenye vioo na kwenye pampu. Akropora zote (yale matumbawe magumu ya matawi) zilibambuka ngozi ndani ya siku mbili. Niliziotesha kutoka vipande vidogo kama kidole kwa miaka miwili na inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo sasa najenga kwa kujiuliza swali moja, hii ikigoma ikiwa imewaka itaua kiasi gani? Ulinzi wa kwanza ni chupa ndogo. Chupa inayolisha pampu yangu inabeba mil 150 tu, ni ya siku nne, hata ikimwagika yote usiku mmoja KH inapanda 2, matumbawe yatanuna lakini yatapona. Dumu kubwa lipo kabatini, najaza chupa mara mbili kwa wiki, dakika moja. Ulinzi wa pili ni taima ya soketi ya kuzungusha, ile ya vipande vya dakika 15: adapta ya pampu inapita hapo, inapata umeme dakika 15 tu kwenye kila muda wa dozi. Umeme ukikatika taima inachelewa na saa za ESP32 hazichelewi (weka moduli ya saa yenye betri, DS3231), kwa hiyo zinapishana na dozi inakosekana, na kukosa dozi siku moja ni afadhali mara mia kuliko kuzidisha. Ukirudi nyumbani unairekebisha taima. Tatu, badala ya rilei nimeweka mosfeti (swichi ya kielektroniki isiyo na kitu kinachosogea), na rezista ya kilo-omu 10 kutoka geti kwenda graundi ili ESP32 inapowaka pampu isishtuke, lakini mosfeti nayo ikiungua mara nyingi inabaki imewaka, kwa hiyo usiitegemee, chupa na taima ndo ulinzi wenyewe. Nne, mdomo wa mpira ukae juu ya maji usizame, ukizama maji yanaweza kurudi yenyewe.

Na ikitokea umezidisha usitie siki wala asidi kushusha haraka. Zima pampu, badilisha maji kidogo kidogo, ngoja.

Ukishakaa na pampu mwezi mzima ndo uje kwenye kupima kwa mashine. Ziko za kiwandani, mfano Trident ya Neptune inapima KH, kalsiamu na magnesiamu yenyewe, ila vichupa vyake vya kupimia lazima uagize na ukikwama navyo mashine inakuwa pambo. Ya kujenga mwenyewe inapima KH tu na inafanya hivi: pampu moja inavuta mil 50 za maji ya tanki kwenye kikombe, kifaa kingine kinakoroga (feni ya kompyuta yenye sumaku inatosha), pampu ya pili inadondosha asidi hidrokloriki hafifu mpaka probu ya pH (kijiti cha kupimia ukali wa asidi) isome 4.5, halafu ESP32 inahesabu asidi iliyotumika. Kwa asidi ya 0.05 M (moli 0.05 kwa lita), KH 8 inakula mil 2.86, yaani kila KH moja ni mil 0.36. Ona sasa, pampu ikikosea mil 0.1 tu umekosea KH karibu 0.3, kwa hiyo pampu ya asidi iwe ya mpira mwembamba na inayokwenda polepole. Probu isawazishwe kwa bafa (maji yenye pH inayojulikana) ya 4 na 7, maana kazi yake ipo huko chini. Asidi kali uichanganye nje, glavu na miwani, na siku zote asidi inamiminwa kwenye maji.

Maji yaliyopimwa yasirudi tankini, yaende kwenye ndoo. Hapo kuna kitu nilichelewa kukiona: kupima mara nne kwa siku pamoja na kusuuza kikombe ni mil 400, kwa wiki lita 2.8 za maji chumvi zinatoka, na ile floti ya kujaza maji yanayokauka inaweka maji matamu badala yake, chumvi inatoka 35 inakuwa 34.5 kwa wiki moja, mwezi ukiisha uko 33. Mi sasa napima mara mbili tu, na nilichotoa narudisha kwa maji chumvi.

Usiiruhusu mashine ibadilishe dozi inavyotaka. Yangu inaruhusiwa asilimia 10 kwa siku basi, na kipimo kikiruka zaidi ya 0.5 kutoka cha mwisho inakipuuza, inapima tena, ikiendelea inanitumia meseji Telegram nije nipime kwa mkono. Na msitie dozi kwa kufuata pH. Sebule ikifungwa madirisha kwa ajili ya eisii na watu wako ndani, hewa ya kaboni inajaa na pH inashuka hata KH ikiwa sawa kabisa. Fungua dirisha uone inavyopanda.

Vifaa vya umeme viweke mbali na juu ya tanki, chumvi ya hewani inakula waya mpaka ndani. Midomo ya mipira ya dozi inaziba kwa ukoko mweupe, kila Jumapili naitumbukiza kwenye siki dakika kumi, naisuuza, nawasha pampu sekunde 60 na kusoma tena bomba la sindano.