Somo: Kutuliza mtetemo wa mezanini ya chuma (sakafu ya juu inayojengwa ndani ya ghala) kabla na baada ya kujenga

Ndugu wanachama, katika ghala moja hapa Tanga, si mbali na bandari, nilimkuta karani wa mizani akiwa na desturi iliyonishangaza. Kila mpakuzi alipopita na mzigo juu ya mezanini, karani aliinua kalamu yake na kusubiri, kwa kuwa namba za mizani zilikataa kutulia mpaka mtu yule afike ngazini. Hesabu za uimara wa sakafu ile nilizipitia na sikuona kosa. Kilichokosekana ni hesabu ya pili, ile ya mtetemo, ambayo wengi wetu huiruka kwa kudhani kwamba kisichovunjika hakitikisiki.

Hatua ya kwanza ni kumjua anayetikisa. Mtu anayetembea hukanyaga takriban mara 2 kwa sekunde, yaani hezi 2, lakini msukumo wa nyayo zake hubeba pia mitetemo mingine, yenye nguvu ndogo zaidi, kwa hezi 4, 6 na 8. Sakafu ambayo kwa asili yake hutetema kwa hezi 4 itauitikia ule wa hezi 4, kama bembea inavyozidi kupanda inaposukumwa kwa wakati wake. Tena mwili wa binadamu huhisi zaidi mitetemo iliyo kati ya hezi 4 na 8, kwa hiyo hapo ndipo malalamiko huanzia.

Hatua ya pili ni kukadiria masafa ya sakafu yenyewe, yaani hutetema mara ngapi kwa sekunde. Kanuni ni fupi: gawanya 18 kwa kipeuo cha pili cha mnepo (kiasi ambacho bimu hupinda kwenda chini), mnepo ukiwa kwa milimita, nawe utapata hezi. Mnepo huo utokane na uzito uliopo kweli siku zote, si mzigo kamili wa usanifu, kwa sababu ghala tupu lenye karani mmoja ndilo linalotetema, si lile lililojaa magunia. Tuchukue bimu za IPE 240 (chuma cha umbo la I chenye kimo cha milimita 240) zenye urefu wa mita 6, zilizopangwa kila baada ya mita 2, zikibeba zege la milimita 100. Uzito kwa kila mita ya bimu ni takriban kilonewtoni 5.7 (kilonewtoni 1 ni uzito wa kilo 100 hivi), na bimu ikihesabiwa peke yake bila msaada wa zege hunepa karibu milimita 11.8. Wengi huishia hapo, wakapata hezi 5.2 na kuridhika. Lakini bimu hizo zimekalia bimu kuu, nayo inanepa, tuseme milimita 4. Minepo hujumlishwa: 15.8, na masafa yanashuka hadi hezi 4.5. Ukiweka IPE 300 badala yake, uzito wa chuma huongezeka kwa zaidi kidogo ya theluthi moja, lakini ukakamavu, yaani uwezo wa bimu kukataa kunepa, unapita maradufu, na sakafu inapanda hadi karibu hezi 5.8. Kwa maoni yangu hakuna fedha inayotumika vizuri kuliko ile inayonunua kimo cha bimu.

Hatua ya tatu ni mchapuko, yaani kasi ya sakafu inavyobadilika inapotetema, na hapa tusiende mbio, kwa kuwa masafa peke yake hudanganya. Mwongozo wa taasisi ya chuma ya Marekani, AISC, uliotolewa mwaka 1997, unataka mchapuko katika ofisi usizidi nusu asilimia ya mchapuko wa uvutano wa dunia. Mchapuko hupungua sakafu inapokuwa nzito na inapokuwa na vitu vya kufifisha mtetemo, kama kuta nyepesi, makabati na dari. Kwa ufifishaji wa asilimia 3, sakafu ya hezi 4.5 huhitaji takriban kilonewtoni 400 za uzito unaotetema pamoja ili kutimiza kipimo hicho, ilhali ile ya hezi 5.8 huhitaji kama 250 tu. Sakafu tupu ya mabati ya chuma, isiyo na zege wala kabati, hukosa vyote viwili, uzito na ufifishaji. Ikiwa masafa yake yanapita hezi 9, ipime kwa njia nyingine: mzigo wa kilonewtoni 1 uliowekwa mahali pamoja usiinepeshe zaidi ya milimita 1.

Hatua ya nne ni viungo. Funga nguzo kwa vyuma vya mshazari ili mezanini isiyumbe kwa upande, na kagua boliti mara kwa mara, maana hewa ya chumvi ya pwani yetu huzila.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi wa kuchomelea, Muheza. Mteja anataka nibadili bati la milimita 6 niweke la milimita 8. Litatuliza?

Jibu: Marahaba, fundi. Bati jipya litatuliza mlio na mnepo wa bati lenyewe kati ya bimu. Bimu hazitapata nguvu yoyote. Zitaongezewa kilo 16 hivi kwa kila mita ya mraba, na masafa yatashuka kidogo. Mshauri mteja fedha hiyo iende kwenye kukakamaza bimu kwa chini.

Swali: Je, mpira chini ya nguzo?

Jibu: Hapana. Mpira hulainisha mahali tunapotaka ukakamavu. Uweke chini ya mashine, nayo ikiwezekana ikae ardhini.

Swali: Mezanini yetu imekwisha jengwa, na chini hupita magari ya mizigo, hivyo nguzo haziwezekani. Tufanye nini?

Jibu: Chomelea chuma cha umbo la T chini ya bimu ili kimo kiongezeke, bimu ikiwa imeinuliwa kidogo kwa jeki wakati wa kazi. Njia ya wapita kwa miguu nayo isogezwe karibu na nguzo zilizopo. Kabla ya kununua chochote, chagueni siku isiyo na magari, mkaze mirunda kwa jeki chini ya bimu mbili, kila moja katikati ya urefu wake, kisha mtu atembee juu huku simu yenye programu ya kupima mtetemo ikiwa sakafuni. Namba zisipopungua, basi inayonepa ni bimu kuu, na jeki zihamishiwe huko.