Kununua kura za boti Steemit na Hive: piga hesabu hii kabla hujatuma hela

Steemit na Hive ni mitandao ya kublogu ambako kura za wasomaji humlipa mwandishi kwa sarafu za kidijitali. Ukiona posti ya mtu ina dola 40 na yako uliyoikeshea ina senti tatu, lazima wazo la kununua kura likujie. Mimi lilinijia mwaka 2018, kwenye chumba cha kupanga Mwanjelwa, Mbeya, nikiandika habari za viazi vya Uyole kwa bando la usiku. Nilinunua. Sasa nikitaka kujua kama kura inalipa, napima hivi.

Hatua ya 1: Jua unachonunua

Kura ya huku si kama laiki ya Facebook. Uzito wake unatokana na sarafu ambazo mpiga kura amezifungia kwenye akaunti yake. Boti ni akaunti yenye nguvu nyingi inayoendeshwa na programu: unaitumia sarafu, unabandika linki ya posti kwenye sehemu ya ujumbe, inakupigia kura. Kura kamili inakula asilimia 2 ya nguvu ya kura, na nguvu hurudi asilimia 20 kwa siku. Kwa hiyo boti ina kura kamili 10 tu kwa siku, moja kila baada ya saa mbili na dakika 24. Boti za mnada huigawa kura hiyo moja kwa wote walioweka hela kwenye mzunguko huo.

Hatua ya 2: Gawa kwa mbili

Hapa ndipo wengi tunapopigwa. Tuseme kura ya boti ina thamani ya dola 60. Unakuta wenzako wameshaweka dola 27, unaongeza 3, jumla 30. Fungu lako ni moja ya kumi, dola 6. Unachekelea. Dakika za mwisho wanaingia wengine na dola 15. Jumla inakuwa 45, na fungu lako linashuka hadi dola 4.

Bado. Dola 4 hizo ni za kabla ya mgawo. Tangu mabadiliko ya Agosti 2019, mwandishi anachukua nusu, nusu nyingine ni ya wapiga kura. Unabaki na dola 2, na ulitoa 3. Tena katika hizo 2, kwa mpangilio wa kawaida, nusu tu ndiyo unaweza kuitumia mara moja. Iliyobaki inaingia kama nguvu iliyofungwa, na kuitoa kwenye Hive ni kidogo kidogo kwa wiki 13.

Sasa tazama upande wa mwenye boti. Amepokea dola zako 3, halafu kwa kuwa ndiye aliyepiga kura, anakula na ile nusu ya wapiga kura. Mkulima yeyote wa Uyole anamjua mtu huyu: ndiye anayejaza lumbesa halafu analipa bei ya gunia moja. Kabla ya 2019 mwandishi alibaki na asilimia 75, na miongozo mingi inayosifia boti ni ya enzi hizo. Angalia tarehe kabla hujaamini.

Hatua ya 3: Ongeza siku saba

Malipo hutoka siku ya saba, na yanatoka kwenye fungu la sarafu, si la dola. Bei ikianguka katikati, tarakimu chini ya posti yako inanywea. Mapema Januari 2018 STEEM moja, sarafu ya Steemit, ilivuka dola 7. Desemba ya mwaka huo huo ilikuwa haifiki hata nusu dola. Kura moja niliilipia Novemba ule kwa SBD, sarafu nyingine ya Steemit ambayo hulenga kufuata dola. Nilitoa dola, nikasubiria kitu kinachoyeyuka.

Hatua ya 4: Hesabu kura za kushusha

Mabadiliko yale ya 2019 yalizipa akaunti akiba ya kura za kushusha, yaani za kupunguza malipo ya posti, ambazo hazimgharimu mpigaji. Kwenye Hive, iliyojitenga Machi 2020 na Steem, mfumo unaoiendesha Steemit, wapo wenye akaunti kubwa wanaowinda kura za kununua. Ukinunua huko, weka sifuri kwenye makadirio yako.

Hatua ya 5: Linda funguo

Huduma ya kura za kujiendesha, inayopiga kura kwa jina lako bila wewe kushika simu, haihitaji zaidi ya ufunguo wa kuposti, ile nywila ya kuandika na kupiga kura tu. Ikiomba ufunguo wa kuhamisha hela, funga ukurasa.

Hatua ya 6: Jaribu mara moja, kwa daftari

Ukiwa bado unataka, nunua kura moja ndogo. Andika ulichotoa, ulichoahidiwa, na kilichoingia mkononi baada ya siku saba. Mimi siku hizi hela hiyo hiyo naifungia kwenye akaunti yangu mwenyewe, nguvu inabaki yangu. Muda ninaobaki nao najibu maoni. Posti yangu ya kutunza mbegu ya viazi kwenye mwanga hafifu haikununuliwa kura hata moja, na bado naulizwa maswali juu yake.

Daftari la 2018 ninalo hadi leo. Lina kura 11 za kununua. Mbili ndizo zenye alama ya kujumlisha.