Presha 230 na kiharusi: usikimbilie kuishusha

Mwongozo huu ni kwa daktari, tabibu na muuguzi wa chumba cha dharura.

1. Pima presha upya. Kitambaa kidogo cha kipimo kwenye mkono mnene hupandisha namba kwa uongo. Mpira wa ndani uzunguke walau asilimia 80 ya mkono. Pima mikono yote miwili. Tofauti ya namba ya juu ikizidi 20, na mgonjwa analalamika maumivu makali ya kifua au mgongo, shuku kuchanika kwa aota, yaani mshipa mkuu utokao moyoni.

2. Pima sukari papo hapo. Sukari iliyoshuka humpoozesha mtu upande mmoja, ukaapa ni kiharusi. Ikiwa chini ya 3.3 mmol/L, mpe dextrose (maji ya sukari) ya asilimia 10, mililita 250, mshipani.

3. Waulize ndugu: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Aliyelala saa 4 usiku akakutwa amepooza saa 12 asubuhi, hesabu inaanzia saa 4 usiku. Hapa ndipo wengi hukosea.

4. Apigwe CT scan (picha) ya kichwa bila dawa ya rangi. Aspirini isubiri majibu. Asipewe chochote mdomoni, hata vidonge vya presha, mpaka umempima kumeza. Vinginevyo vinaweza kuingia mapafuni.

5. Sasa ndiyo uamue kuhusu presha.

Mshipa wa ubongo ukiwa umeziba na mgonjwa hapewi dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, iache presha hadi 220/120. Sehemu ya ubongo inayozunguka eneo lililokufa bado iko hai, na damu kidogo inayoifikia inasukumwa na presha hiyohiyo. Ukiporomosha presha, unaiua sehemu hiyo. Ikizidi 220/120, punguza takriban asilimia 15 ndani ya saa 24.

Akiwa ndani ya saa 4 na nusu tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho, na anafaa kuyeyushiwa, ishushe kwanza chini ya 185/110, kisha ibaki chini ya 180/105 kwa saa 24.

Damu ikiwa imevuja ndani ya ubongo na namba ya juu ni 150 hadi 220, lenga 140, usivuke chini ya 130.

CT haipo? Usishushe chini ya 220/120 kwa kubahatisha. Piga simu, mpe rufaa mapema.

6. Dawa ya kushusha presha: labetaloli miligramu 10 hadi 20 mshipani, taratibu kwa dakika 1 hadi 2, rudia baada ya dakika 10. Mwenye pumu au mapigo ya polepole asipewe. Kabatini mara nyingi utakuta haidralazini tu. Hiyo haitabiriki, hivyo anza na miligramu 5 na subiri dakika 20 kabla ya kuongeza. Kapsuli ya nifedipini chini ya ulimi, tafadhali, tuiache kabisa: presha huanguka ghafla na huna cha kuizuia.

7. Aliyeyeyushiwa, mpime kila dakika 15 kwa saa 2, kila dakika 30 kwa saa 6, kisha kila saa hadi zitimie 24. Akianza kuumwa sana kichwa, kutapika au kusinzia, simamisha dawa ya kuyeyusha na rudia CT.