Mgongano wa maslahi kwenye shirika la programu huria: somo kwa wanabodi, makatibu na waweka hazina

Somo hili ni la mashirika yasiyo ya faida yanayolea miradi ya programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzisoma na kuzibadilisha, hapa Mombasa. Anayejua kusimamisha seva (kompyuta inayoendesha tovuti na huduma za shirika) ndiye huyo huyo aliye kwenye bodi, ndiye mtunzaji wa mradi, yaani anayeamua mabadiliko yapi yaingie kwenye programu, na mchana ameajiriwa na kampuni inayouza huduma za programu hiyo hiyo. Mji ni mdogo. Mkisema kila mwenye maslahi atoke, mtabaki na viti.

Kwa hiyo kuwa na maslahi si kosa. Kosa ni kuliamua jambo lako mwenyewe, au kunyamaza wenzako wakiliamua bila kujua. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na huivuta hata akiwa mcha Mungu asiyekula shilingi ya mtu. Ndiyo maana utaratibu unamhusu kila mmoja, wala haumngoji mwizi.

Hatua ya 1: Jueni mnachokitafuta

Wengi hufikiri pesa na undugu tu. Kwenye programu huria kuna mengine yanayojificha vizuri zaidi:

- Mwajiri wako anatumia au anauza huduma za programu ambayo shirika linaifadhili.
- Wewe ni mtunzaji wa mradi unaoomba ruzuku, au wa mradi unaoshindana nao.
- Jina la kikoa la shirika, yaani anwani ya tovuti na barua pepe zake, limesajiliwa kwa jina lako, au nenosiri kuu la seva unalo wewe peke yako.
- Kampuni yako itafaidika leseni ya programu, yaani masharti ya kuitumia, ikibadilishwa.
- Ukumbi wa warsha ni wa mkeo, shemeji yako au mwana wa ami yako.

La jina la kikoa hudharauliwa sana. Siku mwenye jina akikosana na bodi, tovuti na barua pepe zote ziko mfukoni mwake. Lihamisheni kwa jina la shirika kabla ya kufanya jambo jingine lolote, kisha nenosiri liwe kwa watu 2 wasiofanya kazi mahali pamoja.

Hatua ya 2: Fomu ya tamko, ukurasa mmoja

Hujazwa siku mtu anapoingia kwenye bodi, kila Januari, na ndani ya siku 14 jambo jipya linapotokea, kwa mfano kubadilisha kazi. Wajaze pia wafanyakazi wanaogusa pesa na wanakamati wanaochagua miradi.

Fomu nyingi huharibika kwa swali lake la kwanza: "Je, una mgongano wa maslahi?" Wote huandika "Hapana", na kwa nia njema kabisa, kwa kuwa hakuna ajionaye mwenye upendeleo. Ulizeni mambo ya hakika. Mwajiri wako ni nani? Una hisa au biashara gani? Ni miradi gani una ruhusa ya kubadilisha msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe? Nani wa nyumbani kwako anauzia shirika kitu? Mtu ajibu hayo, na bodi ndiyo iamue kama kuna mgongano.

Hatua ya 3: Daftari la maslahi

Katibu hulitunza: tarehe, jina, maslahi, bodi iliamua nini. Jedwali la kawaida kwenye kompyuta latosha. Wanabodi wote walione, na katibu alipitie kila anapoandaa ajenda. Daftari lisilofunguliwa kabla ya kikao ni karatasi tu.

Hatua ya 4: Kikao chenyewe

Hapa ndipo mambo huharibika. Tangazo la maslahi liwe ajenda ya 2, mara tu baada ya kumbukumbu za kikao kilichopita. Likiachwa mpaka jambo lifike mezani, mwenye maslahi ameshachangia nusu saa.

Mwenye maslahi anasema alichonacho, anajibu maswali, anatoka. Kutoka maana yake ni kutoka. Kukaa kimya pembeni hakutoshi: nani atasema "bei hii ni ghali" huku mwenye bei anamtazama? Kikao cha mtandaoni, arudishwe kwenye chumba cha kusubiri. Mjadala ukiendelea kwenye kundi la WhatsApp, fungueni kundi la muda asilokuwemo. Na kutoka chumbani kisha usiku ule ule kumbembeleza mwenzako kwenye baraza ya kahawa Kibokoni ni sawa na kutotoka.

Kumbukumbu nyingi husema hivi: "Bodi ilijadili suala la seva na kukubaliana." Miaka 2 baadaye hakuna awezaye kuitetea. Andikeni hivi:

"Ajenda ya 5: kupangisha seva kwa miezi 12. Mjumbe mmoja alitangaza kuwa ameajiriwa na kampuni mojawapo iliyotoa bei. Alijibu maswali 2, akatoka saa 11:20 jioni. Walibaki wajumbe 5 kati ya 7, akidi ilitimia. Kotesheni 3 zilisomwa: Sh88,000, Sh96,000 na Sh124,000. Ya Sh88,000 haikuwa na nakala rudufu (backup) za kila siku. Wote 5 walichagua ya Sh96,000, inayotoka kwa mwajiri wa mjumbe aliyetoka, kwa sababu ya nakala rudufu na msaada wa simu usiku. Mjumbe alirudi saa 11:45."

Tazama: kampuni ya mwenye maslahi imeshinda, na hakuna ubaya. Mfadhili akisoma anaona nani alikuwepo, nani hakuwepo, bei zipi zililinganishwa, na kwa nini ya chini ilikataliwa.

Hatua ya 5: Nani aliandika mahitaji?

Kotesheni 3 hazisaidii kitu ikiwa orodha ya mahitaji iliandikwa na mwenye maslahi. Akiandika "lazima seva iwe na mfumo wa usimamizi wa aina fulani" ambao kampuni yake pekee ndiyo inao, zile bei 2 nyingine ni mapambo. Mahitaji yaandikwe na asiye na maslahi, yataje kazi ya kufanywa: watumiaji wangapi, nafasi kiasi gani, nakala rudufu mara ngapi. Baadaye, anayeidhinisha ankara asiwe yule aliyefanya kazi.

Hatua ya 6: Viti vya mwajiri mmoja

Wekeni kikomo ndani ya katiba ya shirika. GNOME Foundation, shirika linalolea mradi mmoja mkubwa wa programu huria, kwa mfano, hairuhusu watu wa kampuni moja kushika zaidi ya asilimia 40 ya viti vya bodi. Kwenye bodi ya 7, asilimia 40 ni 2.8, yaani watu 2. Wa tatu haingii hata akiongoza kwa kura. Andikeni mapema pia nini hutokea mjumbe anapohamia kampuni hiyo katikati ya muhula, maana bila hivyo mtabishana juu ya mtu badala ya kanuni.

Kuhusu sheria, kwa ufupi: Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika Mei 2024, kwa hiyo kanuni zilizonakiliwa kutoka katiba za enzi ya sheria ya zamani, ile ya 1990 ya mashirika yasiyo ya serikali, zipitiwe upya na wakili. Na mkitafuta shirika mlezi Marekani, yaani la kuwapokelea na kuwatunzia pesa, mjue kuwa Fomu 990, ambayo mashirika ya hisani ya huko hupeleka kwa mamlaka ya kodi, huuliza kama kuna sera ya maandishi ya mgongano wa maslahi, kama matamko hutolewa kila mwaka, na kama sera hiyo hufuatiliwa.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Tudor: Bodi yetu ni ya watu 5 na akidi ni 3. Watatu wameajiriwa na kampuni moja inayotaka kandarasi. Wakitoka, tunabaki 2. Tufanyeje?*

Msipunguze akidi kwa siku hiyo moja. Hiyo ndiyo njia ya mkato inayoonekana mbali. Lipelekeni jambo kwa mkutano mkuu wa wanachama, na wale watatu wasipige kura huko pia. Kisha rekebisheni katiba kama ilivyo hatua ya 6.

*Mwanachama, Likoni: Mwenyekiti ni mzee wetu. Kumwambia atoke chumbani ni kumvunjia heshima. Mimi ni katibu tu, na umri wangu mdogo.*

Usimwambie kikaoni, dada. Mpelekee ajenda siku 3 kabla, na ndani yake iwe imeandikwa: "Mwenyekiti atakabidhi kiti kwa makamu kwa ajenda ya 5." Alitangaze yeye mwenyewe kwa kinywa chake. Mzee akiondoka kwa hiari, vijana hawatakuwa na udhuru wa kubaki.

*Mwanachama, Changamwe: Mimi ndiye peke yangu ninayeujua msimbo wa mradi unaoomba ruzuku. Nikitoka, nani atawaeleza?*

Eleza kwa maandishi kabla ya kikao, jibu maswali mwanzoni, kisha toka. Bodi ikikwama kitaalamu, iulize mtunzaji wa mradi mwingine. Kujua sana ndiko kunakofanya neno lako liwe zito, na uzito huo ndio unaogombewa.

*Mwanachama, Nyali: Tumegundua kwamba malipo ya mwaka jana yalikwenda kwa kampuni ya nduguye mjumbe, na hakutangaza. Turekebishe kumbukumbu?*

Hapana! Kumbukumbu zilizopitishwa hazifutwi. Itisheni kikao kipya, mjumbe huyo asiwepo. Tafuteni bei za soko za wakati ule, mpime kama kazi ilifanyika na kama bei ilikuwa ya haki, kisha muamue: kuyathibitisha malipo au kudai kilichozidi. Yote yaandikwe kwenye kumbukumbu mpya. Kama pesa zilikuwa za ruzuku, mfadhili aambiwe na nyinyi kabla hajaambiwa na mkaguzi.

*Mwanachama, Mji wa Kale: Kampuni imenipa fulana na kalamu kwenye kongamano. Nitangaze?*

Fulana vaa. Tiketi ya ndege au kompyuta, tangaza kabla ya kuipokea.