Jinsi ya Kuwataka Wachangiaji wa Wiki Wajisajili kwa Barua Pepe

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote ya wiki yako, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe wanaweza kuihariri, amua ni tendo lipi hasa unalotaka kulidhibiti, kwa maana kuhariri makala zilizopo na kuanzisha makala mpya ni mambo mawili tofauti. Tangu Desemba 2005 Wikipedia ya Kiingereza huwataka wanaoanzisha makala wawe na akaunti, ilhali ile ya Kireno, mwaka 2020, iliwafungia wasiojisajili hata kuhariri makala.

Ikiwa tovuti yako inaendeshwa kwa programu ya MediaWiki, fungua faili lake la mipangilio, LocalSettings.php, uwaondolee wageni wasio na akaunti ruhusa ya kuhariri, kisha uongeze mstari huu:

$wgEmailConfirmToEdit = true;

Kuanzia hapo mtu ataweza kufungua akaunti, lakini hataweza kuhifadhi mabadiliko mpaka abofye kiungo alichotumiwa kwa barua pepe. Jaribu mwenyewe kwa anwani mpya, na uangalie hadi kwenye folda ya barua taka, kwani seva isiyotuma barua ipasavyo itawafungia nje watu wema bila wewe kujua. Kwa maoni yangu, hilo ni baya kuliko uharibifu unaojaribu kuuzuia.

Uthibitisho huu hupunguza roboti za matangazo, ila haumzuii mharibifu aliyedhamiria, ambaye hufungua anwani nyingine kwa dakika chache, kwa hiyo doria ya mabadiliko mapya iendelee. Anwani za wachangiaji zisionyeshwe hadharani kamwe. Tena, acha njia ya kuripoti kosa bila akaunti, maana msomaji aliyeona tarehe isiyo sahihi huenda asirudi tena.