Kuandaa mawe na kukomaza tangi jipya la maji ya chumvi, hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia jirani yangu hapa Mombasa kuanzisha tangi la samaki la lita 200, kwa sababu maelezo mengi aliyokuwa ameyakusanya yalichanganya kazi mbili ambazo ni lazima zitenganishwe. Kazi ya kwanza ni kuandaa mawe, yaani kuyaondolea vumbi, mabaki ya viumbe waliokufa na fosfati (madini yanayolisha mwani) iliyojificha ndani yake. Kazi ya pili ni kukomaza tangi, yaani kuwapa nafasi bakteria wanaogeuza amonia, yaani sumu itokayo kwenye taka na vitu vinavyooza, kuwa nitriti, na wale wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, wazaliane hadi waweze kuzimudu taka za samaki. Mtu anayezifanya kazi hizo kwa wakati mmoja ndani ya tangi lilelile hawezi kujua kama amonia anayoipima imetoka kwenye mawe yanayooza au ni ile aliyoiweka mwenyewe, na kwa hiyo hawezi kujua lini kazi imekamilika.

Hatua ya kwanza: kuchagua mawe

Mimi hupendelea mawe makavu, na kwa mtu anayeishi pwani sioni sababu ya kutumia kitu kingine. Matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu, yaleyale yanayokatwa kwa ajili ya kujengea nyumba Kilifi na Kwale, yalikuwa miamba ya bahari zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati maji yalipokuwa juu kuliko yalivyo sasa. Yana vitundu vingi, na vitundu hivyo ndivyo makazi ya bakteria. Chagua vipande vyepesi kwa ukubwa wake, visivyo na udongo mwekundu uliopenya ndani, na usichukue kabisa mawe ya ukuta uliobomolewa, kwa kuwa saruji, chokaa na rangi haziondoki. Kilo 12 hivi kwa kila lita 100 zinatosha, na zikiwa chache kidogo si neno iwapo mawe yana vitundu vingi.

Usivunje mwamba ulio hai baharini, wala usimtume mvuvi akuvunjie. Hifadhi ya bahari ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986 ili kulinda matumbawe hayo, na matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa kimataifa wa CITES, unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, isipokuwa yale yaliyokwisha kugeuka visukuku kama haya ya machimboni.

Hatua ya pili: kusafisha

Sugua kila jiwe kwa brashi ngumu, lipulizie maji kwa mpira hadi maji yanayotoka yawe safi, kisha lianike juani.

Ikiwa mawe yamewahi kukaa katika tangi la mtu mwingine na yamekauka yakiwa na mabaki ya viumbe, yaloweke kwa siku moja au mbili katika jiki isiyo na manukato, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, nje ya nyumba. Baada ya hapo yasuuze, yaloweke katika maji yenye thiosulfati ya sodiamu ili kuiondoa klorini, na uyaanike hadi yasinuke tena. Jiki isikutane kamwe na asidi wala na amonia, maana michanganyiko yote miwili hutoa gesi yenye sumu, na amonia utaihitaji katika hatua ya sita.

Usichemshe mawe. Baadhi ya viumbe wa jamii ya Palythoa wanaoota juu ya mawe ya akwariamu wana sumu kali sana iitwayo palitoksini, ambayo haiharibiwi na maji yanayochemka na huweza kupanda pamoja na mvuke. Mwaka 2018, katika kijiji cha Steventon nchini Uingereza, watu wa familia moja walilazwa hospitalini baada ya sumu hiyo kuenea ndani ya nyumba yao wakati matumbawe ya akwariamu yakisafishwa, na hayo hayakuwa hata yamechemshwa.

Hatua ya tatu: maji

Teka maji ya bahari wakati maji yamejaa, upande unaotazama bahari kuu, mbali na hori ya Tudor na bandari ya Kilindini, na si katika siku zinazofuata mvua kubwa ya masika. Yaache yatulie gizani katika chombo kilichofunikwa. Chumvi iwe gramu 35 kwa kilo moja ya maji, na ipime kwa refraktomita (kifaa kinachopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda majini) iliyorekebishwa kwa maji ya kipimo yenye chumvi hiyohiyo. Maji yanayopungua kwa joto hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi yenyewe haipandi na mvuke. Maji ya bomba ya Mombasa ni mazito kwa madini, kwa hiyo tumia yaliyochujwa kwa mtambo wa osmosisi, unaoyasukuma maji kupita kwenye utando na kuyaacha madini nyuma.

Hatua ya nne: kutuliza mawe ndani ya pipa

Hatua hii ndiyo inayowatesa watu, na ndiyo inayorukwa mara nyingi kuliko zote, kwa sababu mawe yaliyokwisha kusuguliwa huonekana safi ilhali kasoro yake kubwa haionekani kwa macho.

Chukua pipa la plastiki lililokuwa la chakula au jipya, kamwe lisiwe lililobeba dawa. Weka mawe, lijaze maji ya bahari, na uweke pampu yenye nguvu ya kutosha kuyazungusha maji kati ya mawe yote. Funika pipa ili mwanga usiingie. Nasisitiza giza kwa sababu mbili: mwani ukiota hufyonza fosfati, kwa hiyo kipimo kitaonyesha maji safi wakati fosfati imehamia kwenye mwani tu, na mwani huohuo utaubeba hadi ndani ya tangi. Hapa Mombasa hakuna haja ya kipasha joto. Harufu ya yai viza ni dalili kwamba kuna mahali ambapo maji hayapiti, basi geuza mawe na uongeze pampu.

Pima amonia kila baada ya siku tatu au nne. Ikipanda, kuna kitu kinachooza ndani, na unapaswa kubadilisha maji na kusubiri hadi ibaki sifuri bila kuwekewa chochote. Mawe ya machimboni hufika hapo upesi, lakini yaliyotoka katika tangi la zamani huweza kuchukua wiki nyingi.

Kisha iko fosfati. Jiwe la matumbawe ni kaboneti ya kalsiamu, na kaboneti hiyo hushika fosfati na kuiachilia kidogo kidogo kulingana na kiasi kilichomo majini. Kadiri maji yanavyopungukiwa na fosfati, ndivyo jiwe linavyotoa zaidi, hadi pande mbili zilingane tena. Maana yake ni kwamba kipimo kilichochukuliwa siku ya kubadilisha maji hakisemi lolote kuhusu jiwe. Kinasema tu kwamba maji uliyoyaleta ni mazuri. Badilisha maji yote, subiri siku saba bila kugusa kitu, ndipo upime. Fosfati ikisomeka juu ya miligramu 0.1 kwa lita, badilisha tena, usubiri siku saba nyingine. Ridhika pale tu kipimo cha siku ya saba kinapobaki chini ya 0.1 mara mbili mfululizo. Pima pia maji ya bahari yenyewe kabla ya kuyatia katika pipa, kwa kuwa fosfati ya mawe haiwezi kushuka chini ya ile iliyomo katika maji unayoyaoshea.

Kifaa unachopimia kina umuhimu mkubwa hapa. Vipimo vya kulinganisha rangi kwa macho havitofautishi vizuri viwango vilivyo chini ya 0.1, kwa hiyo nashauri kipimo cha kielektroniki, hata kama bei yake inauma. Lakini soma kwa makini kinapima nini. Kile cha kampuni ya Hanna cha viwango vya chini, HI736, hutoa jibu la fosforasi katika sehemu kwa bilioni, na halijawa fosfati hadi ulizidishe kwa 3.066 na kuligawanya kwa 1,000. Kipimo kikisema 40, fosfati ni 0.12, wala si 0.04, na tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha mawe yaliyo tayari na yale ambayo bado. Pangusa kichupa chenye maji yanayopimwa kwa kitambaa laini kabla ya kila usomaji, kwa maana alama ya kidole, kiputo cha hewa au unga wa dawa ya kupimia usioyeyuka huongeza jibu. Rudia mara mbili kabla ya kuamini namba iliyokushtua.

Wapo wanaotumia kloridi ya lanthani kuiondoa fosfati haraka. Inafanya kazi, lakini hutia maji ukungu mweupe unaohitaji chujio laini, na mtu asiye na uzoefu huzidisha kwa urahisi. Pale ambapo maji mazuri ya bahari hupatikana bila kununuliwa, kubadilisha maji ni njia bora na ya salama zaidi.

Hatua ya tano: kupanga mawe

Mawe yakae juu ya sakafu ya tangi kabla ya mchanga, ili samaki wanaochimba wasiyaangushe, na yasigusane na vioo vya pembeni.

Hatua ya sita: kuwalisha bakteria

Wengine hutupia kamba mbichi wa sokoni aoze ndani ya tangi. Siipendi njia hiyo hata kidogo, kwa kuwa haikuonyeshi umeweka amonia kiasi gani, na inarudisha uozo na fosfati uliyohangaika kuiondoa. Tumia kloridi ya amonia safi. Amonia ya kusafishia nyumba huwa na sabuni na manukato, kwa hiyo iache.

Lengo ni miligramu 2 za amonia kwa lita, ambazo ni sawa na gramu 0.6 za kloridi ya amonia kwa kila lita 100. Mizani ya jikoni haiwezi kupima kiasi hicho, basi yeyusha gramu 6 katika lita moja ya maji yaliyochujwa, halafu tia mililita 100 za maji hayo kwa kila lita 100 za tangi. Hesabu maji yaliyomo kweli: tangi la lita 200 lililojaa mawe na mchanga huenda lina lita 160 tu.

Ongeza bakteria wa chupa waliohifadhiwa mahali pa baridi, au, jambo ninaloliona bora zaidi, jiwe dogo kutoka katika tangi la mtu unayemwamini kuwa halina magonjwa. Taa izimwe. Pampu ziendelee usiku na mchana, na umeme ukikatika washa pampu ya hewa ya betri, kwa sababu bakteria hawa hutumia oksijeni.

Amonia ikishuka chini ya 0.5, irudishe hadi 2. Nitriti ikizidi 5, acha kuongeza hadi ishuke. Usipime nitrati katika kipindi hiki, kwa kuwa nitriti hukifanya kipimo chake kisome juu mno. Unapolinganisha rangi za kipimo, hakikisha unatumia kadi ya rangi ya maji ya chumvi, si ya maji baridi. Kwa mawe makavu, tarajia wiki 3 hadi 6.

Hatua ya saba: jaribio la mwisho

Weka amonia hadi 2 na upime baada ya saa 24. Amonia na nitriti zote zikiwa sifuri, tangi limekomaa. Badilisha sehemu kubwa ya maji ili kupunguza nitrati iliyokusanyika, kisha ingiza samaki mmoja mdogo au wawili. Kama samaki hawajapatikana kufikia siku hiyo, endelea kuweka nusu ya kipimo kila baada ya siku chache ili bakteria wasipungue, na badilisha maji siku moja kabla samaki hawajaingia, amonia ya mwisho ikiwa imekwisha kabisa.